Maalim, Bi. Miza Yu Hai

Maalim wangu,

Nnakuandikia nikiwa chumba cha santuri, kile cha chini ya ngazi ulichokuwa ukisema kina joto la tanuri. Ndiko walikoniweka. Nnapangusa vumbi, nnazipanga santuri kwa majina ya waimbaji, na saa ya habari ikifika nnamsikia ukutani mtu mwengine akisoma. Usimwekee mtu kinyongo kwa hilo. Nliyataka mwenyewe. Nimekuaibisha, Maalim, na Unguja nzima ikisikia. Kabla ya hapo nlimuaibisha mama yako. Sijui lipi ni kubwa zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, na wa kumuuliza nliyemzoea ni wewe.

Kwanza nikupe habari za mji, maana hukupenda mtu aanze na lake kabla hajajuliana hali na mwenzake. Ijumaa saa ya kipindi chako sasa hupigwa muziki wa bendi. Wazee wa barazani Mkunazini wanasema redio imegeuka kinanda, wananyanyuka kabla kahawa haijesha. Yule muuza kahawa bado anakuigiza: "Naam, wasikilizaji wetu." Watu hucheka, halafu kila mmoja hutazama kikombe chake. Siasa zimezidi. Hata kwenye harusi watu wanaulizana wewe ni wa wapi, na ukitaja mtaa wanakwambia hapana, asili. Binti yako Salma ameng'oka meno ya mbele na hataki kufumba mdomo, anataka kila mtu amwone. Mkeo Bi. Zainab ametoka eda mwezi uliopita. Amekonda, lakini yu mzima.

Na mama yako yu mzima. Hilo ndilo nlilotaka kufika, na tayari mkono unaniwia mzito.

Unakumbuka nlivyokuja? Msichana wa Ng'ambo aliyemaliza skuli, sauti nnayo, busara ya kuitumia sina. Ukanipa tangazo la kupotea ng'ombe nisome, nikalisoma kama hotuba ya gavana. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ukaniambia, "Asha, mwenye ng'ombe anamtaka ng'ombe wake. Hakutaki wewe." Kila aliyesema nna sauti nzuri nlimwamini, ila wewe, na wewe ndiye uliyenifunza kazi.

Ulinifunza zaidi kwenye kipindi chako cha waliotutoka. Mtu mashuhuri akifariki, wengine wangekwenda kwa wakubwa kuuliza vyeo vyake. Wewe ulikwenda nyumbani kwake. Ulivua viatu, ukakaa mkekani, ukauliza kwa upole, na mimi nimekaa nyuma yako na buibui langu. Ndivyo Unguja ilivyojua kwamba yule golikipa shujaa, aliyekuwa akiruka miguuni mwa watu bila ya hofu, akimkimbia chura. Mjane wake alikwambia huku analia, nawe ukamuomba ruhusa, ukalisema. Watu wakacheka na machozi yakiwatoka. Na yule mkunga wa Malindi, ni wewe uliyewaambia watu kwamba mtoto akichelewa kulia, yeye alikuwa akimwimbia. Nusu ya mji iliyozaliwa mikononi mwake haikujua kwamba iliimbiwa. Tukitoka huko ulikuwa ukiniambia, "Usimpake marehemu chokaa. Si ukuta huyu."

Sasa nifike Makunduchi.

Tulikwenda kunasa nyimbo za kina mama wanaopiga makumbi ya nazi. Tulikuwa watatu, mimi na wewe na fundi mitambo. Fundi alibaki pwani na mashine yake, akawa anawaomba wale mama waimbe na kupiga kwa pamoja, nao wanamcheka. Wewe ukaniambia, "Njoo unisindikize mahali." Tukapita vichochoro vya ua wa mawe mpaka kwenye nyumba ya makuti. Ukapiga hodi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia redioni, sauti ya mtoto aliyechelewa kurudi. Akatoka mama mmoja mwembamba, mikono imepauka kwa maji ya chumvi. Ukapiga goti, ukambusu mkono, nami nikambusu. Mkasema Kikae cha huko kwenu, nikawa nnapata neno hili, lile linanipita. Yeye hakukuita Hamid. Alikuita Mcha. Alikuuliza habari za mke na habari za mtoto, hilo nlilielewa, na ukamjibu, "Nitawaleta, mama. Mwaka huu nitawaleta." Akasema inshallah, akaangalia pembeni.

Mimi nlifurahi. Nilijiona nimepewa heshima kubwa. Mpaka tulipokuwa tunarudi pwani ukasimama njiani, ukavua miwani, ukaipangusa na shati, na haikuwa na vumbi.

Ukaniambia ulipokwenda kuposa Kiponda waliuliza wazee wako. Baba alikuwa kweli keshakufa. Na kuhusu mama, ukasema, ulimi uliteleza. Ukawaambia wote wawili wametangulia, kwamba shamba una bibi mmoja tu aliyekulea, mtu wa kupelekewa sadaka. "Mjini humu, Asha, mtu huulizwa babu yake kabla ya jina lake. Nlikuwa kijana. Nlidhani nikishaoa nitalisahihisha." Kisha ukasema, "Ya leo yabaki hukuhuku."

Nikasema, "Naam, Maalim." Nlitamka haraka, kama unavyomtamkia mtu aliyeshika mlango.

Ningeweza leo kujificha nyuma ya maneno yako hayo. Watu kadhaa wa hapa kazini wameniambia nijifiche. Lakini uliponiambia yabaki hukuhuku ulikuwa hai, na mtu aliye hai ana kesho yake ya kusahihisha. Siku uliyokufa hukuwa na kesho tena. Nlikuwa nayo mimi.

Kifua kilikubana asubuhi, wakakukimbiza hospitali, na kabla ya adhuhuri habari ikatufikia. Stesheni nzima ilisimama. Fundi aliketi sakafuni. Mimi nlilia, Wallahi nlilia kilio cha kweli, hicho sikukizulia. Lakini katikati ya kilio wazo likanijia: Makunduchi. Mjini humu hakuna anayejua kuna mtu wa kuarifiwa ila mimi. Gari ya shamba ilikuwa bado haijaondoka, ningemtuma hata utingo. Ningesema tu, mfikishieni Bi. Miza binti Haji habari, aje amtazame mwanawe uso kabla hajafunikwa. Nikawaza nitaulizwa Bi. Miza ni nani. Nikawaza siku hii si siku ya kumvua Maalim nguo. Nikawaza hivi, nikawaza vile, na gari ikaenda zake. Baada ya sala ya alasiri wakakuzika.

Jioni shemeji yako, Bwana Saleh, akaja stesheni na macho mekundu. Sitosema ubaya juu yake. Alikupenda kama ndugu wa tumbo moja. Mkuu wa vipindi alikwisha niambia nitakusomea mimi tanzia na maneno ya maisha yako, kwa kuwa mimi ndiye mwanafunzi wako. Bwana Saleh akakaa na mimi kwenye benchi la koridoni, akanihadithia, mimi nnaandika. Alisema ulizaliwa mjini. Alisema ukoo wenu ulikuwa wa watu wa chuoni. Akasema, "Wazee wake wote wawili wametangulia mbele ya haki, yeye ni yatima tangu mdogo. Andika hivyo, mwenyewe alitwambia." Alikuwa anasema kweli anayoijua.

Kalamu ilisimama. Akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Hakuna kitu." Nikaandika.

Na sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Bwana Saleh alipoondoka nliingia msalani kufanya mazoezi. Nlilisoma lile tangazo kwa sauti ndogo, nikatafuta mahali ambapo sauti ingekatika vizuri. Nikaona pazuri zaidi ni pale penye neno "yatima." Nikajaribu, nikajaribu tena, mpaka ikakatika kama nnavyotaka. Maalim, maiti yako haijalala kaburini hata usiku mmoja, na mimi nnatafuta pa kulilia. Zilikuwa zimenijia ndoto kwamba kesho watu watasema, mmemsikia yule msichana?

Nikasoma baada ya habari za magharibi. Kwenye "yatima" sauti ikakatika.

Ya Makunduchi nilihadithiwa baadaye na jirani wa mama yako, Bi. Mwanahawa. Kumbe kila jioni mama yako hukaa kwenye ubao nje ya duka lenye redio, amejifunika kanga, anakungoja. Wanaume humwachia nafasi yake, wanajua. Jioni ile aliposikia mimi nnataja jina lako, Hamid, akatabasamu akawaambia walio karibu, "Anakuja sasa." Alidhani nnakukaribisha. Halafu nikasema inna lillahi. Bi. Mwanahawa anasema alibaki na lile tabasamu, hakuwa na wakati wa kuliondoa. Mwenye duka akakurupuka kuizima redio, lakini kwa haraka akapindua kitufe kusiko, ikazidi sauti. Basi yakasikika duka zima na njia nzima: wazee wake wote wawili wametangulia mbele ya haki, yatima tangu mdogo.

Hivyo ndivyo alivyojua, kwa pumzi moja, kwamba mwanawe amekufa na yeye mwenyewe alikufa zamani.

Asubuhi yake matanga yalikuwa yamejaa nyumbani kwako. Wanawake wamekaa ukumbini mpaka ngazini, msahafu unasomwa, mimi nnapitisha sinia la kahawa. Akaja mama mmoja mlangoni, kanga za shamba, ndala mkononi, na Bi. Mwanahawa nyuma yake. Nlimjua papo hapo. Hakuna mwengine aliyemjua. Mama mmoja wa Kiponda, mtu wa adabu zake, akamkaribisha, "Karibu, bibi. Umetoka mbali, inaonesha. Wewe nani wake marehemu?"

Bi. Miza alitazama ukumbi wote, akatafuta pa kukaa, hakupaona. Akasema kwa utulivu, kama mtu anayetaja mtaa wake:

"Mimi ndiye yule aliyekufa jana kwenye redio. Mamake."

Msomaji akaacha kusoma. Watu wakatazamana. Mmoja akanong'ona maskini, kilio kimempanda kichwani. Na mimi, Maalim, mimi niliyembusu mkono huyu mama nyumbani kwake, nlifanya nini? Nlichukua sinia langu nikaingia jikoni. Nikasimama nyuma ya mlango, nikasikiliza. Hilo nnaliona mpaka leo nikifumba macho kusali. Ya kusoma nlisoma kwa ujinga na kupenda sifa. Ya kukimbilia jikoni nliyafanya na akili zangu timamu.

Mkeo ndiye aliyemwokoa. Alikuwa chumba cha ndani, eda imeanza, lakini alisikia. Akatoka mpaka kwenye kizingiti, akamtazama. Umechukua taya za mama yako, Maalim, na ule upande mmoja wa nyusi unaopanda. Bi. Zainab alimtazama usoni, akakuona wewe. Hakuuliza neno. Akashuka chini pale pale, akamshika miguu, akasema, "Mama, mbona alinificha?" Bi. Miza akainama, akamnyanyua. Akamjibu, "Usimseme leo, mwanangu. Leo bado maji aliyooshewa hayajakauka."

Wakalia wote wawili, na ukumbi mzima ukalia. Walipotulia Bi. Miza akauliza, "Nani aliyesoma jana?" Wakanitafuta. Wakanitoa jikoni.

Nlipiga goti mbele yake nikingoja anitemee mate. Akanishika kidevu, akanitambua, nliona alivyonitambua. Hakusema kwamba ananijua. Alisema tu, "Ulisoma vizuri, mwanangu. Ulilia mahali pake."

Kuna watu hupigwa wakasahau. Mimi sitolisahau lile neno.

Nlikwenda kwa mkuu wa vipindi nikamwomba tusahihishe. Si mtu mbaya. Akaniambia, "Asha, tukisahihisha huyu, kesho mlango wote utajaa watu na nasaba zao, kila mtu anataka babu yake asomwe upya. Hukuona hali ya mji? Matanga yakipita, yamepita." Nikarudi kwenye kazi yangu. Siku zikaenda. Nlikuwa nnasoma matangazo ya vifo, na kila nikifika kwenye "ameacha" au "hakuacha" ulimi unakuwa kama si wangu.

Mwisho nikapanda gari ya Makunduchi.

Nlimkuta pwani, amekaa mchangani na gogo lake na mchi, anapiga makumbi yaliyotolewa kwenye matope. Yananuka, unajua yanavyonuka. Nikakaa ubavuni mwake. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Nikamweleza yote, kasoro yale ya msalani, hayo sikuthubutu. Akaendelea kupiga. Nnayaandika maneno yake kwa Kiswahili cha mjini, maana Kikae chake sikukipata chote.

Akasema, "Aliyeniua mwanzo si wewe. Mcha aliniua ili apate mke. Mimi nlijua. Mtoto wangu akisema uongo hutazama vidole vya miguu, tangu yuko mdogo hivi. Kila akiniambia nitawaleta, anatazama vidole. Nikasema nafsini mwangu, basi nife kidogo huko mjini, yeye aishi. Huko mjini nnamjua nani? Kufa huko hakuniumi."

Akaweka mchi chini.

"Lakini wewe umeniua kwetu. Nlikuwa nikikaa pale dukani mbele ya watu, nikisema yule mwanangu. Miaka yote nlikuwa na hilo tu. Sasa nikipita wananihurumia. Nimekuwa mama aliyekanwa, na kila mtu amesikia nnavyokanwa. Radhi yangu unaitaka ya nini? Ukiipata utalala, na mimi je? Kama unataka kunifanyia jambo, nifufue. Nifufue pale pale uliponiulia."

Nikamwambia, nikikufufua wewe, yeye ataonekana muongo. Akauokota mchi wake. Akasema, "Mimi nshabeba yangu. Na yeye abebe yake. Ni mtu mzima."

Nlirudi mjini nikaenda kwa Bi. Zainab, tukazungumza yeye ndani ya chumba, mimi mlangoni. Bwana Saleh alikuwapo, alikasirika kweli kweli. "Utamfanya shemeji yangu muongo mbele ya Unguja nzima? Mtu aliyesimulia maisha ya kila mtu kwa haki? Watasema hata yale mengine alizua." Maneno yake yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya haki. Nani atakayeamini tena habari ya chura, na habari ya mkunga? Bi. Zainab ndiye aliyejibu kutoka ndani. "Kaka, mimi nimelala na mtu miaka yote hiyo simjui mamake. Salma ana bibi anayekaa peke yake. Asha, sema."

Arobaini yako ilipokaribia nikapewa tangazo la hitma nisome. Lilikuwa la kawaida, mahali na wakati, ila Bi. Zainab alitaka isomwe Makunduchi. Nikaenda mbele ya kipaza sauti. Sikufanya mazoezi. Nikasoma lililoandikwa, kisha nikaendelea:

"Siku ya kifo cha marehemu tulisema wazee wake wote wametangulia. Halikuwa kweli. Mimi niliyesoma nlikuwa nnajua kuwa si kweli, nikasoma. Mama yake mzazi yu hai. Anaitwa Bi. Miza binti Haji, wa Makunduchi. Ndiye aliyemzaa, akampa jina la Mcha, akamsomesha kwa kupiga makumbi. Hitma itasomwa nyumbani kwake, na yeye ndiye mfiwa wa kwanza wa kupewa pole."

Sauti haikukatika popote, Maalim. Ilitoka kavu, kama ya mwenye ng'ombe.

Nlipotoka mkuu wa vipindi alikuwa mlangoni. Hakunigombeza. Alisema, "Nenda chumba cha santuri mpaka nitakapokwambia." Hajaniambia.

Sasa haya ya aibu yako, sitokuficha. Watu walisema. Barazani Mkunazini ulisemwa siku nyingi. Kuna aliyesema, kumbe na yeye alipakwa chokaa, na waliocheka walicheka. Kuna mwalimu mmoja wa skuli aliyesimama akasema kila mmoja hapa amemzika bibi yake mmoja akiwa hai, akaondoka, na baada ya hapo mazungumzo yakapungua. Sidhani yamekwisha. Jina lako halina tena ule weupe liliokuwa nao. Nimeuondoa mimi, niliyekuwa nikikubebea mkoba. Kuna asubuhi nnaamka nimejuta kwamba nlisema, na kuna asubuhi nnaamka nimejuta kwamba nlichelewa kusema, na sijui asubuhi ipi ni ya kweli.

Mama yako hakuwapo dukani nliposoma. Tangu siku ile hakurudi kukaa pale. Watu walimkimbilia nyumbani, wanasemeshana wote kwa pamoja. Akawaambia mmoja tu ndiye aseme. Akasema. Mama yako akamrudisha mwanzo, naye akasema tena. Bi. Mwanahawa anasema alisikiliza kichwa kimeinama, mpaka kwenye "yu hai." Kisha akasema, "Haya. Nshafufuka. Nileteeni maji nikatawadhe."

Hitma ilijaa. Walikuja watu wa mjini kwa magari, golikipa kijana aliyeshika nafasi ya yule wa chura alikuja, binti za mkunga wa Malindi walikuja. Sikutarajia Bwana Saleh. Alifika amevaa kanzu yake nzuri, amemshika Salma mkono. Dada yake, aliyekuwa bado edani, alimwambia amlete, naye akamleta. Alisimama mbele ya mama yako, akawa hajui pa kuweka macho. Akasema, "Shikamoo, mama." Akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu." Halafu akamtazama Salma. Mtoto alikuwa anamkagua kuanzia juu mpaka chini, kama unavyomjua. Akamuuliza, "Wewe ndiye uliyemzaa baba?" Bi. Miza akasema ndiye. Salma akauliza, "Alikuwa akilia sana?" Akamjibu, "Alikuwa akilia Makunduchi nzima inasikia." Salma akacheka na pengo lake, akamkalia mapajani, na hakushuka mpaka hitma ikesha. Kikae hakijui, lakini nilisikia wanaelewana.

Bi. Zainab alipotoka eda, safari yake ya mwanzo ilikuwa huko. Alilala siku kadhaa. Amerudi na mikono imechubuka, anasema mkwewe amemfundisha kupiga makumbi, na kwamba hana mkono wa kazi hata kidogo. Alisema hivyo anacheka. Ni mara ya mwanzo nimemsikia anacheka tangu ufe.

Nimemaliza habari, Maalim. Ile ya msalani mama yako haijui bado. Nitamwambia, nikipata moyo. Mimi siombi unisamehe, na wewe usinitake nikusamehe leo. Nnakupenda, na nnakuonea haya, na nnajionea haya, yote matatu yamekaa kifuani mwangu na hakuna linalotaka kumpisha mwenziwe. Mwenyezi Mungu akupanulie ulipo, akuondolee uzito, akukutanishe na kila uliyemsimulia. Nnakuaga na sikuachi.

Juzi, kabla sijaanza kukuandikia, nlimuuliza mama yako kama ana neno nikuwekee humu. Alifikiri kidogo. Akasema, "La. Mwambie asubiri. Yangu nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

Basi subiri, Maalim. Nami nnakuahidi: mpaka siku hiyo ifike hatokaa peke yake, na hatokosa mtu wa kumwita mama.

Mwanafunzi wako,
Asha